Paka wa Siam si pambo la kochi

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia saa nane za usiku: "Kaka, paka wangu wa Siam ana miezi saba. Anakula vizuri, mchanga wake wa choo nabadilisha kila siku, lakini nikifunga mlango wa chumbani analia kama mtoto mchanga mpaka alfajiri. Nimechoka. Nimgawe?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikalale. Nikashindwa, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu nililojipa bado linaniuma.

Paka wangu wa kwanza wa Siam aliitwa Lulu. Nilimpenda kwenye picha: macho ya buluu, uso kama wa aliyechungulia ndani ya chungu chenye masizi, miguu kama kavaa soksi. Nilipoona manyoya mafupi nikajisemea, afadhali, sitakuwa na kazi ya kuchana. Hapo sikukosea. Manyoya ya Siam yamelala mwilini, hayana ule unyoya mzito wa chini. Ukipitisha brashi mara moja kwa wiki umemaliza. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba paka ambaye manyoya yake hayana kazi, naye hana kazi.

Nilikuwa natoka nyumbani kabla ya jua, narudi usiku. Lulu alishinda peke yake kutwa nzima. Nikifungua mlango alinipokea kwa hotuba. Sauti ya Siam si ile nyau ya kawaida. Ni nzito, ina mkwaruzo, inapanda na kushuka, na ukimjibu naye anajibu. Paka hawa walipoonyeshwa London kwenye maonyesho ya Crystal Palace mwaka 1871, wapo waliowaona kama jinamizi. Kufikia usiku wa tatu nami nilikuwa upande wao.

Mwezi wa pili akaanza kunyonya sufu. Sweta langu alilitafuna bega mpaka likatoboka. Tabia hiyo inajulikana sana kwa Siam na jamaa zake, na si mchezo, maana akimeza nyuzi zinaweza kumziba utumbo. Mimi nilichofanya ni kumfokea. Baadaye akageukia mwili wake mwenyewe, akawa anajilamba ubavu mmoja hadi ngozi ikaonekana. Daktari wa mifugo alitafuta viroboto, akatafuta fangasi, akauliza kuhusu chakula. Hakukuwa na kitu. Mwisho akaniuliza, "Mchana anashinda na nani?" Nikanyamaza.

Nywele zilipoota tena ziliota za kahawia iliyokoza, doa zima kwenye ubavu wa rangi ya maziwa. Nilirudi kwa daktari nimefura, nikidhani dawa aliyonipa nimpake imemuunguza. Alicheka kwanza. Kisha akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla sijamleta Lulu nyumbani: rangi ya Siam inafuata joto. Kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, kinachotia weusi kwenye nywele zake kina hitilafu ya kurithi. Penye joto la mwili kinalala, penye ubaridi kinafanya kazi. Ndiyo maana huzaliwa weupe, kwa kuwa wametoka kwenye joto la tumbo la mama. Baadaye masikio, pua, miguu na mkia, sehemu zinazopoa kuliko nyingine, ndizo zinazoingia weusi. Ubavu nao ukibaki bila manyoya unapoa, na nywele mpya zinakuja nyeusi, zikae hivyo mpaka zitakapopukutika na kuota nyingine.

Basi Lulu akawa anatembea na doa la upweke ubavuni, na kila mgeni analiuliza. Nilikuwa nasema ni dawa.

Sikubadilisha ratiba yangu. Nilimgawa. Siku yenyewe nitairuka.

Miaka miwili baadaye nilijaribu tena, safari hii baada ya kubadilisha kazi na kichwa. Sasa nina madume wawili wa tumbo moja, Kito na Kengele, wamehasiwa, wana miaka sita. Sijisifu, ila Kito nikimrushia kipande cha karatasi kilichofinyangwa anakirudisha mkononi kama mbwa, na wote wawili wanatembea na kamba bila kugombana nayo. Kengele hufungua kabati kwa kuning'inia kwenye kishikio. Hilo sikumfundisha mimi.

Sasa dada, nisikilize. Kama paka wako ni jike na hajafungwa kizazi, anza hapo. Siam hukomaa mapema, wengine huingia kwenye joto, yaani huanza kutaka dume, hata kabla ya kutimiza miezi sita, na kilio cha jike aliye kwenye joto hakibembelezeki. Kama ni dume na unamwona anahangaika kwenye mchanga mkojo hautoki, usingoje asubuhi, mpeleke kwa daktari usiku huo huo. Hiyo ni dharura inayoua. Na vyovyote iwavyo akapimwe, meno na ufizi pia vikaguliwe, maana Siam wengi husumbuka huko.

Ukishajua ni mzima, basi anachokililia ni wewe. Mchezeshe jioni mpaka achoke, ndipo umpe chakula, ndipo ulale. Mpe mahali pa juu pa kukaa. Usimwache peke yake kutwa. Ukiweza, chukua wawili. Hata ile jozi maarufu iliyotoka Bangkok kwenda Uingereza mwaka 1884, Pho na Mia, walisafiri wawili. Narudia, usimwache peke yake. Tunachagua viumbe kama tunavyochagua mapazia, tukiangalia rangi tu, halafu tunashangaa pazia linapolia. Huyu anaweza kuishi miaka 15 na zaidi. Kama hiyo miaka huna, bora ungechukua picha ukaitundika ukutani. Nisamehe kwa ukali, ila mimi nilistahili kuambiwa hivyo na hakuna aliyeniambia.

Aliyemchukua Lulu hunitumia picha mara mojamoja. Katika ile ya mwezi uliopita Lulu amelala juu ya paka mzee wa kijivu, kidevu kwenye shingo ya mwenzake. Nilikuza picha nikitafuta ubavu. Mwili mzima umekoza kidogo, kama ilivyo kawaida yao wakizeeka. Lile doa halipo.