Ukoo wa wakwe zangu ulimiliki watumwa huko North Carolina: dada, fuata mabinti

Dada mleta uzi, nimelisoma swali lako mara mbili. Wakwe zako ni Wazungu, wakulima wa miaka nenda rudi katika kaunti moja ya Virginia. Wamekupa kazi ya kuandika kitabu cha ukoo kwa ajili ya mkutano wa familia. Umekwenda vizuri mpaka kwa babu wa babu yao, ukakuta karatasi ya sensa yenye jina lake pembeni, na mbele yake mistari ya umri na jinsia bila jina hata moja. Mama mkwe kasema "hayo yaache." Unauliza uache au uendelee, na ukiendelea uanzie wapi.

Njia hiyo nimeipita, ila mimi ni upande wa pili wa mpaka, Caswell County, North Carolina. Mke wangu ni wa huko. Mimi ni mtoto wa Urambo, mzee wangu alilima tumbaku ya mvuke, na tangu darasa la tano nimekesha kwenye bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, nikichochea kuni. Siku baba mkwe aliponipeleka kuona bani la magogo la babu zake sikuhitaji kuelezwa kitu, nilimwonyesha bomba la moto lilipita wapi kabla hajanionyesha yeye. Nadhani ndipo aliponikubali. Wiki iliyofuata akanikabidhi sanduku la makaratasi.

Wana Tabora mliomo humu, hili mlijue. Tumbaku yetu ya mvuke ina asili yake kwenye kaunti hiyo. Mwaka 1839, kwenye shamba la Abisha Slade, mtumwa aitwaye Stephen alikuwa analinda moto wa kukaushia majani. Usingizi ukampitia. Alipozinduka moto ulikuwa karibu kuzimika. Kwa kuwa alikuwa pia mhunzi, akakimbilia mkaa wake na kuutupia motoni, joto likapanda ghafla, na majani yakatoka ya njano tupu. Baadaye Slade akaendeleza mbinu ile na kuitangaza, na udongo hafifu wa kichanga ambao watu waliudharau ukawa mali. Kufikia 1860 zaidi ya nusu ya wakazi wa Caswell walikuwa watumwa. Slade tunamjua kwa majina mawili, Stephen kwa moja.

Sasa swali lako. Karatasi uliyoikuta ni orodha ya watumwa ya sensa ya 1850 au 1860, kwani miaka hiyo miwili ndiyo walioandikiwa orodha yao ya pekee. Inakupa jina la mmiliki, halafu kwa kila mtu umri, jinsia na rangi. Ile ya 1860 inaongeza idadi ya nyumba zao. Watu wengi huishia hapo wakiamini majina hayakuandikwa popote. Si kweli. Na uwe macho: aliyeandikwa kama mwenye watumwa huenda alikuwa mlezi wa mayatima wenye mali, au aliwakodi tu. Mimi nilimbebesha babu mmoja watu ambao kumbe walikuwa wa watoto wa marehemu kaka yake, nikaja kufuta kurasa tatu nzima.

Majina yako kwenye mirathi. Sensa haikuwa na haja nayo, lakini huwezi kugawa mali bila kuitambulisha. Mwenye shamba akifa, mahakama ya kaunti iliteua msimamizi, na majirani wachache wakaapishwa kwenda kukadiria kila kitu. Nilipofungua makadirio ya babu mmoja wa mke wangu nilikuta majembe, pipa za tumbaku, kitanda cha manyoya, nguruwe, halafu bila hata kuruka mstari, watu. Jina na bei, jina na bei. Bei ya kijana wa miaka ishirini na kitu ilizidi ya farasi wote kwa pamoja. Kuna mzee mmoja ambaye mbele ya jina lake hakukuandikwa kitu. Niliamka mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baada ya makadirio unakuja mgawanyo. Watu waliwekwa kwenye mafungu yanayokaribiana thamani, warithi wakapiga kura ya bahati nasibu nani achukue fungu lipi, na aliyepata fungu zito akawalipa wenzake fedha ya kusawazisha. Kabla mgawanyo haujakamilika, marehemu akiwa na watoto wadogo, watumwa walikodishwa kila mwaka, mara nyingi tarehe 1 Januari, ili mapato yawasomeshe hao watoto. Hesabu zake zinakuonyesha mtu mmoja yuko kwa nani mwaka huu na kwa nani mwaka ujao. Kwa mtu aliyefungiwa milango yote ya nyaraka, ni hazina, ingawa neno hilo linanikera nikilitumia hapa.

Utaona pia mwanamke na mtoto mchanga kwenye mstari mmoja, bei moja. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto anafuata hali ya mama, na kwingine Kusini wakafanya vivyo hivyo. Baba angeweza kuwa mtu huru, angeweza kuwa bwana mwenyewe, haikubadilisha kitu. Kwa hiyo nasaba ya watumwa inasomeka kwa upande wa mama, wakati wewe unaandika kitabu cha wakwe kinachofuata jina la baba. Hapo ndipo karibu kila mtu anapotea.

Binti wa mwenye shamba akiolewa aliondoka na watu. Mara nyingi msichana mmoja wa kumhudumia, na wosia wa baba ukaja kuthibitisha baadaye: "yule niliyempa alipoolewa, pamoja na uzao wake." Kisheria mali ya mke ya namna hiyo iliingia mikononi mwa mume. Ndiyo maana kwenye sensa inayofuata msichana yule na watoto wake wamo chini ya jina la mkwe ambaye kitabu chako kimempa nusu mstari. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikifuata wana wa kiume tu. Nilipogeukia waume wa mabinti, watu niliodhani wametoweka wakaanza kutokea, mmoja baada ya mwingine, mashamba matatu manne mbali na lile la mwanzo. Tafuta na hati za wadhamini: baba asiyemwamini mkwe wake aliwaweka watumwa chini ya mdhamini kwa faida ya binti, na hati hiyo inasajiliwa pamoja na hati za ardhi, ikiwa na majina.

Mengine kwa haraka. Hakikisha kaunti ilikuwa kaunti gani mwaka huo. Caswell ilimegwa kutoka Orange mwaka 1777, na Person ikamegwa kutoka Caswell mwaka 1791, kwa hiyo ukoo unaweza kuwa na nyaraka kwenye kaunti tatu bila kuhama hatua moja. Sensa ya 1790 ya Caswell ilipotea, hutumika orodha za kodi badala yake. "Senior" na "Junior" za zamani maana yake mkubwa na mdogo wa jina hilo pale jirani, wanaweza kuwa mtu na mpwa wake. Kwako Virginia nenda kwenye maktaba ya jimbo iliyoko Richmond, wana faharasa ya kesi za usawa (chancery) mtandaoni, na nyingi kati yake ni za ndugu waliogombania mirathi. Ndugu wakigombana karatasi huongezeka. Huku kwetu majalada ya mirathi yako Raleigh, na mengi FamilySearch, ule mtandao wa nasaba, wameyapiga picha, unasoma bure. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Greensboro nacho kina mkusanyiko mtandaoni wa hati za kuuziana watumwa za kaunti mbalimbali za jimbo.

Ukishapata majina, vuka nayo hadi sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina kamili kama raia wengine. Linganisha umri, tazama majirani. Usidhani kila mwenye jina la ukoo wa wakwe zako alikuwa wao, wala kwamba waliokuwa wao walichukua jina hilo. Wengi walichagua jina la bwana wa zamani zaidi, au la baba yao aliyekuwa shamba jingine.

Kuhusu mama mkwe, mimi sikumaliza vizuri, kwa hiyo sina somo la kukupa. Shemeji yangu mkubwa alisema "sisi tulikuwa nao wachache tu." Nikamjibu kwamba katika Kusini yote mwaka 1860 ni kama robo tu ya familia za Kizungu zilizokuwa na mtumwa hata mmoja, na karibu nusu ya wamiliki walikuwa na chini ya watano, kwa hiyo wachache ndiyo kawaida yenyewe. Hakufurahi. Nami nikajiuliza nina ubavu gani: misafara ya pembe na watumwa ilipita Tabora, na mpaka leo ukimuuliza mzee wa mjini ukoo upi uliletwa na msafara, chai uliyokaribishwa itapoa hujaongezewa.

Baba mkwe alikaa kimya wiki mbili. Halafu akaleta Biblia ya ukoo, ile kubwa wasiyoiruhusu kutoka sebuleni. Kurasa za katikati nilikuwa na picha zake tayari: ndoa, vizazi na vifo vyao. Akaifungua nyuma kabisa, karatasi niliyodhani ni tupu kwa sababu hakuna aliyewahi kuipiga picha. Mwandiko ni ule ule, wino ule ule, na juu mtu ameandika kwamba ni vizazi vya watu weusi wa nyumba hii. Majina ya watoto kumi na mmoja, tarehe, na jina la mama wa kila mmoja. Watano kati yao nilikuwa nimeshawapata kwa waume wa mabinti.

Kwa hiyo ukienda kwa mama mkwe usianze na sensa. Omba Biblia, na omba uipekue yote.