Maswali ya Wasomaji: Kuifundisha Kompyuta Kuimba Kiswahili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya Uyole, jijini Mbeya. Nyimbo zetu huandikwa kwa noti za sol-fa, na kila unapokuja wimbo mpya hulazimika kufundisha sauti moja baada ya nyingine huku sauti tatu zimekaa zikisubiri. Nimesikia kwamba zipo programu ambazo ukiziandikia noti na maneno, kompyuta huimba yenyewe. Je, zinaweza kuimba Kiswahili, na mtu asiye na fedha nyingi aanzie wapi?
*Mwalimu wa kwaya, Mbeya*

JIBU: Mwalimu, programu hizo zipo, na kwa kazi uliyoitaja, yaani kuwapa wanakwaya mfano wa kusikiliza kabla ya mazoezi, zinafaa sana. Usizichanganye na zile za akili mnemba ambazo mtu huagiza kwa sentensi moja akaletewa wimbo mzima. Hapa wimbo ni wako, kila noti unaiweka mwenyewe, na kompyuta huimba kile tu ulichokiandika, pamoja na makosa yako.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1961 watafiti wa Bell Labs nchini Marekani walikwisha kuifanya kompyuta iimbe, ingawa Vocaloid, programu ya kuuzwa ya kampuni ya Yamaha ya Japani, ilitoka mwaka 2004. Umaarufu wake ulikuja mwaka 2007 kwa sauti iitwayo Hatsune Miku, iliyotengenezwa kutokana na rekodi za mwigizaji Saki Fujita, na mwaka 2008 ikafuata UTAU, ambayo ilimwezesha mtu yeyote kurekodi silabi za sauti yake mwenyewe na kuzigeuza kuwa mwimbaji.

Kwako ninapendekeza OpenUtau, programu ya bure na ya chanzo huria inayotumia sauti zile zilizotengenezwa kwa ajili ya UTAU. Synthesizer V, iliyotoka mwaka 2018, huimba kwa ulaini zaidi, lakini sauti zake nzuri ni za kununua, na wala hiyo wala Vocaloid haikutengenezewa Kiswahili. Sioni sababu ya mtu kutoa fedha kabla hajajua kama kazi hii ataivumilia. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha, ilimradi uanze na sauti za mtindo wa zamani zinazounganisha silabi zilizorekodiwa, kwa kuwa zile mpya zinazotegemea akili mnemba huielemea mashine dhaifu. Baada ya kupakua programu, utapakua pia benki ya sauti, ambayo ndiyo mwimbaji mwenyewe, kisha utaiingiza kupitia menyu ya programu. Benki nyingi ni za Kijapani, hivyo wakati wa kuiingiza utaulizwa aina ya usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta itakavyoyasoma maandishi hayo. Ukiona majina yamegeuka kuwa visanduku na alama zisizosomeka, badilisha uchaguzi huo kabla ya kuendelea.

Sasa kuhusu noti, wewe uliyezoea sol-fa una nafuu kuliko unavyofikiri. Dirisha la kuandikia lina kinanda kilichosimama upande wa kushoto na mistari ya mapigo inayokwenda kulia. Nukta mbili za sol-fa, ambazo hutenganisha pigo na pigo, ndizo mistari hiyo. Nukta moja inayogawa pigo katikati ni nusu ya nafasi. Na kistari cha kuendeleza maana yake ni kuivuta noti iwe ndefu zaidi badala ya kuandika nyingine. Kuhusu doh, yaani noti ya kwanza ya ngazi, usihangaike kukokotoa. Andika wimbo wote kana kwamba doh ni C, ambapo d r m f s l t ni vitufe vyeupe tupu, kisha chagua noti zote na uzipandishe hadi kwenye kii unayoitaka. Kama doh ni F, unapandisha nusutoni 5. Angalia tu tenor na besi, kwa maana katika uandishi wa sol-fa sauti hizo kwa desturi huandikwa oktavu moja juu ya zinavyosikika, kwa hiyo uzishushe oktavu nzima, la sivyo besi wako wataimba pamoja na alto.

Kazi kubwa iko kwenye maneno, na hapa Kiswahili kina bahati. Irabu zetu tano zinakaribiana na za Kijapani, na silabi zetu nyingi ni konsonanti moja ikifuatwa na irabu, jambo ambalo benki za Kijapani zimejengwa juu yake. Kila noti hubeba silabi moja, nawe unaandika jinsi neno linavyotamkwa: “ka-ri-bu”, “na-ku-o-mba”.

Hiyo “mba” ndipo shida inapoanzia. Katika jedwali la kawaida la silabi za Kijapani hakuna “mba” wala “nga”, na pia hakuna “ti”, “tu” wala “si”, bali kuna “chi”, “tsu” na “shi”. Hakuna “la” iliyo tofauti na “ra”, wala “v”. Ukiandika “tumsifu” kwenye benki ya namna hiyo, kompyuta itaimba kitu kama “tsumshifu”, na nina hakika mazoezi yatakwisha kwa kicheko. Baadhi ya benki zimeongezewa silabi hizo, kwa hiyo fungua orodha ya silabi za benki kabla ya kuichagua na utafute “ti”, “tu” na “si”. Kama hazimo, achana nayo. Benki za Kihispania nazo zinafaa kujaribiwa, kwa sababu lugha hiyo ina irabu tano na inatofautisha “l” na “r”, ingawa huko utakosa “sh”, “v” na “z”.

Chukua jina la mji wako. “Mbeya” ni silabi mbili, “mbe” na “ya”. Kwenye benki isiyo na “mbe”, utaandika noti fupi sana ya “n” kisha “be”, lakini noti hiyo fupi usiikate kutoka kwenye pigo la “be”. Ichukue kutoka kwenye mkia wa noti iliyotangulia, ili “be” iangukie penyewe kwenye pigo. Ukifanya kinyume chake, jina litasikika kama lina silabi tatu na wimbo wote utaonekana kuchelewa. Fanya vivyo hivyo kwa “nga” ya “Iringa”. Lakini “m” ya “mtu” au ya “tumsifu” ni silabi kamili, nayo inastahili noti yake yenyewe kama ulivyoiandika katika sol-fa.

Sababu ya jambo hili ni kwamba mwimbaji hodari hutamka konsonanti kabla ya pigo na kuifungua irabu juu ya pigo. Programu hufanya hivyo pia: kila silabi katika benki imewekewa alama, katika faili liitwalo oto.ini, inayoonyesha konsonanti ianze mapema kiasi gani na iingiliane vipi na irabu iliyotangulia. Alama hizo zikiwekwa ovyo, hata noti zilizopangwa vizuri zitasikika kama za mtu aliyeamshwa usingizini. Kwa hiyo benki ikikusumbua kwenye kila wimbo, usijilaumu, tafuta nyingine.

Anza na mistari miwili ya wimbo ambao kwaya yako inaufahamu tayari, kwa sauti ya kwanza peke yake, maana kosa katika wimbo unaojulikana hujitangaza lenyewe. Ukiridhika, ongeza sauti nyingine tatu, kila moja kwenye mstari wake, kisha toa faili la sauti kwa kila mstari. Wanakwaya wa alto wapelekee faili ambalo alto imeongezwa nguvu na nyingine zimepunguzwa. Mtu anayesafiri kutoka Uyole hadi Mwanjelwa anaweza kuisikiliza mara kadhaa akiwa ndani ya daladala. Usitegemee kompyuta iwafundishe kupumua, kutamka kwa hisia au kumfuata kiongozi, kwa maana hiyo ni kazi yako.

SWALI: Kamwene, Mhariri. Nina studio ndogo Kihesa, Iringa. Mteja ameniomba nimtengenezee wimbo wake mpya kwa sauti ya kompyuta inayofanana na ya mwimbaji mmoja maarufu wa injili, akisema rekodi za mwimbaji huyo zimejaa mtandaoni na kila mtu anazo. Je, nikubali?
*Prodyuza, Iringa*

JIBU: Kamwene. Usikubali. Rekodi kupatikana kwa wingi si ruhusa ya kuikatakata na kuitengenezea mwimbaji wa bandia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimlindi mtunzi peke yake, bali inatambua pia haki za msanii anayetumbuiza, na hata tukiiweka sheria kando, waumini watakaousikia wimbo huo wataamini kwamba mwimbaji yule ameimba maneno ambayo hajawahi kuyaona. Mwambie mteja wako alete mwimbaji aliye hai, aingie kwenye chumba chako cha kurekodi na asaini karatasi inayoeleza sauti yake itatumika kwa kazi zipi, kwa muda gani na kwa malipo gani, na nani ataitunza benki hiyo kazi ikiisha. Kipengele hicho cha mwisho watu hukisahau, na ndicho kinacholeta ugomvi.

Kuna jambo jingine linalomhusu pia mwalimu wa Mbeya hapo juu. Benki za sauti za bure huja na faili dogo la masharti, nalo si pambo. Waliozitengeneza hutofautiana: wengine huruhusu biashara, wengine huikataza, na baadhi huzuia kabisa matumizi ya kidini au ya kisiasa. Kwaya ikikuta sharti la namna hiyo, hata kama wimbo hautauzwa, njia ya uungwana ni kuchagua benki nyingine. Masharti yakiwa kwa Kijapani, yapitishe kwenye programu ya kutafsiri. Utapata maana ya kutosha.

SWALI: Mimi nasoma chuo na nyumbani ni Njombe. Kwa nini tuhangaike na sauti za Wajapani badala ya kurekodi za kwetu? Ninayo simu nzuri na mdogo wangu anaimba vizuri.
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Hoja yako ni ya haki, na ndiyo njia itakayotufikisha mbali, ila nakushauri utumie kwanza benki ya mtu mwingine mpaka uelewe silabi mbaya inasikikaje. Ukubwa wa kazi unahesabika. Kiswahili kina konsonanti 25 ukihesabu pamoja na “ch”, “dh”, “gh”, “ng’”, “ny”, “sh” na “th”. Kila moja ikiambatana na irabu tano unapata silabi 125. Ongeza irabu zenyewe, zinakuwa 130. Ongeza “mb”, “mv”, “nd”, “ng”, “nj” na “nz” pamoja na irabu zao, zinafika 160. Na mwisho “m” na “n” zinazosimama peke yake, jumla 162. Silabi kama “kwa”, “mwa” na “ngwe” ya “Rungwe” ziongeze kadiri nyimbo zako zinavyozihitaji, usijaribu kuzimaliza zote.

Mdogo wako aimbe kila silabi kwa noti moja isiyobadilika, akiivuta irabu kwa sekunde moja au mbili bila kuitikisa, na apumzike mara kwa mara, kwa sababu silabi ya mwisho inapaswa kulingana na ya kwanza. Achague noti ya katikati ya sauti yake, kwa maana kadiri programu inavyoipeleka silabi mbali na noti iliyorekodiwa, ndivyo inavyozidi kusikika kama ya kikaragosi.

Simu inaweza kutumika ikiwa ina programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV kwa hezi 44,100 na inayokuruhusu kuzima upunguzaji wa kelele, kwa kuwa upunguzaji huo hula “s”, “f” na “th” ukidhani ni upepo. Ukipata kipaza sauti cha kuchomeka kwenye kompyuta, ni bora zaidi, na programu ya bure ya Audacity itatosha kurekodia. Chumba kiwe na mablanketi ukutani, na kama nyumba yenu imeezekwa kwa bati, msipange kurekodi katika miezi ya mvua. Hata manyunyu yatasikika nyuma ya kila irabu. Msimalize silabi zote 162 ndipo mjaribu. Rekodini “ma”, “na”, “ta”, “si” na “mbe”, wekeni alama zake kwenye oto.ini, kisha muimbishe kompyuta noti tano. Kama “si” inachelewa kuingia, rekebisheni alama hiyo sasa, kabla kosa hilo hilo halijarudiwa kwenye silabi nyingine zote.