Maswali ya Wasomaji: Niuze Kiwanja cha Moshi Ninunue Fleti ya Ufukweni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Shanty Town, Moshi. Mwanangu anayefanya kazi Dar es Salaam alinipeleka Kigamboni kuona fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya sita, inayotazama bahari. Nilipoketi kibarazani nikizitazama meli zilizotia nanga zikingoja zamu ya kuingia bandarini, nilihisi kwamba sasa nimestaafu kweli. Je, ni busara kuuza kiwanja changu cha Majengo ili niinunue?
Mama Mstaafu, Moshi

JIBU: Mama, shikamoo. Raha uliyoipata pale kibarazani siibezi hata kidogo, kwa sababu tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, mkazi wa Kigamboni anaweza kufika katikati ya jiji bila kutegemea kivuko, kisha jioni akarudi kwenye upepo na utulivu ambao Kariakoo haunao. (Nakushukuru pia kwa kutaja kiwanja cha mjini, ungetaja kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo wa Kichagga, ningekurudisha kwanza kwenye kikao cha ukoo.)

Hata hivyo, hukutuambia ulikwenda mwezi gani. Kama ilikuwa Julai, ulikuta kusi ikivuma na jiji limepoa. Februari, msimu wa kaskazi, joto la pwani huja na unyevu ambao mwili uliozoea hewa ya chini ya Kilimanjaro huuona mzito hata usiku. Kwa hiyo, kabla ya kuuza chochote, panga fleti katika jengo hilohilo kuanzia Januari hadi Machi. Utajua pia kama lifti hufanya kazi umeme unapokatika, jambo ambalo kwa mtu wa ghorofa ya sita mwenye magoti ya kustaafu si dogo.

Lililo zito zaidi ni kile hasa unachokinunua. Kwa mujibu wa Sheria Namba 16 ya mwaka 2008, inayohusu umiliki wa sehemu za jengo, mnunuzi hupata hati ya sehemu yake pamoja na fungu katika mali ya pamoja, yaani ngazi, lifti, paa na uwanja, ambavyo wamiliki wote huvigharimia kupitia chama chao. Karibu na bahari gharama hizo hazikawii kupanda, kwa kuwa chumvi iliyomo hewani hula vyuma vya madirisha, viyoyozi, na hata nondo zilizomo ndani ya zege pale zege linapopata nyufa. Omba kuona mahesabu ya chama hicho. Binafsi, jengo lenye ada ndogo mno hunitia shaka kuliko lenye ada kubwa.

Pima pia umbali kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na wakazi wa Kunduchi wameshuhudia kwa miaka mingi jinsi bahari inavyomega ardhi.

Mwisho, mwombe mwanao apate wakili atakayepekua kwa Msajili wa Hati ili kujua kama fleti hiyo imekwisha kutolewa hati yake yenyewe, au jengo zima bado liko chini ya hati moja ya aliyelijenga. Ikiwa ni hali hiyo ya pili, kiwanja cha Majengo kibaki kwanza mikononi mwako.