Nimesimamishwa kazi kwa sababu ya mofini. Nijiripoti au ninyamaze?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, ni paramediki, yaani mhudumu wa dharura, wa ambulensi nchini Uingereza. Nilimchoma mgonjwa miligramu 4 za mofini, dawa kali ya maumivu, kutoka kwenye ampuli (kichupa) ya miligramu 10. Zile 6 zilizobaki nilizimwaga peke yangu, na mwisho wa zamu nikamwomba mwenzangu atie saini kana kwamba alishuhudia. Wakaguzi wa rejista ya dawa wameligundua. Mwajiri amenisimamisha kazi, mshahara unaendelea. Wenzangu wanasema ninyamaze ili HCPC isijue. Nifanyeje?

JIBU: Usinyamaze, ndugu. HCPC, baraza linalosajili maparamediki wote wa Uingereza, linakudai ulijulishe mwenyewe mapema iwezekanavyo pale mwajiri anapokusimamisha kwa shaka juu ya mwenendo wako. Mwajiri naye anaweza kukuripoti wakati wowote, na barua yake ikitangulia yako, utaulizwa pia kwa nini ulificha.

Kabla hujaandika neno lolote, wasiliana na chama chako cha wafanyakazi. Kwenye kikao cha nidhamu cha mwajiri una haki ya kufuatana na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, itumie. Ujue pia kwamba mwajiri na HCPC ni njia mbili tofauti. Mwajiri anaamua juu ya ajira, baraza linaamua juu ya usajili. Kuacha kazi hakulizimi shauri la baraza.

Sasa tazama kosa lenyewe. Kumwaga dawa bila shahidi ni kukiuka utaratibu, na hilo linarekebishika. Saini ndiyo nzito. Hesabu ya mofini inasimama juu ya mtu wa pili: 10 zimetoka, 4 zimeingia mwilini, 6 zimemwagwa naye akiona. Akitia saini ya kitu asichokiona, hakuna tena awezaye kujua kama zile 6 zilimwagwa au ziliibwa. Jopo la HCPC litauita huo uongo, na uongo ni mgumu kuurekebisha kuliko dozi iliyokosewa, kwa sababu hakuna kozi inayofundisha ukweli. Mwenzako naye, kama amesajiliwa, yuko hatarini kwa saini hiyo.

Kwa hiyo usimpigie simu kupanga maelezo. Usiguse rejista. Usifungue rekodi za mgonjwa kwa nywila yako ili kujikumbusha, maana kuzifungua bila sababu ya matibabu ni kosa jingine.

Baraza likiunda tuhuma, utaletewa tuhuma hizo pamoja na ushahidi, nawe utapewa nafasi ya kujibu. Kamati ya uchunguzi haisemi una hatia. Inapima tu kama kuna jambo la kujibu. Likiwapo, shauri linakwenda mbele ya jopo la watu watatu, mmoja wao paramediki, na kwa kawaida kikao ni cha wazi. Jopo linauliza mambo manne kwa mpangilio: yaliyodaiwa yalitokea? Ni utovu wa nidhamu wa kitaaluma? Je, kufaa kwako kazini kumepungua leo, si siku ile tu? Adhabu gani inatosha? Ushahidi hupimwa kwa lipi lina uwezekano zaidi kuwa kweli, si kwa kiwango cha mahakama ya jinai.

Swali la tatu ndilo unaloweza kulifanyia kazi kuanzia sasa. Andika tafakari: ulifanya nini, kwa nini, mgonjwa na jamii wangepata madhara gani, na leo ungefanya nini saa saba usiku ukiwa umechoka na shahidi hayupo. Ukiandika “nilikuwa na kazi nyingi” ukaishia hapo, umejiharibia. Barua za wanaokusifu ziseme wazi kwamba waandishi wanazijua tuhuma. Zisiposema hivyo, hazina uzito.

Adhabu ni onyo la mwaka 1 hadi 5, masharti ya kazi hadi miaka 3, kusimamishwa usajili hadi mwaka 1, au kufutwa usajili. Aliyefutwa hawezi kuomba kurudi kabla ya miaka 5. Kukata rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 28, na siku hizo hazitakusubiri. Kabla ya yote hayo baraza linaweza kuomba amri ya muda ya kukuzuia au kukuwekea masharti kazini, ya hadi miezi 18, kama umma unahitaji kulindwa.

Kama viza yako inamtegemea mwajiri huyo, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kikao cha nidhamu, si baada ya kufukuzwa.

SWALI: Ambulensi ilichelewa kumfikia mama yangu. Niishitaki kwa HCPC?

JIBU: La. Ucheleweshaji wa huduma hupelekwa kwa taasisi yenye ambulensi, kwa kawaida ndani ya miezi 12, kisha kwa msuluhishi wa umma wa huduma za afya (Ombudsman) usiporidhika. HCPC husikiliza mwenendo au uwezo wa mtu aliyesajiliwa, na hailipi fidia.