Kaka yangu amezuiliwa Marekani: kuna mahakama ya haki za binadamu ya kumtoa?

Swali: Wakili, kaka yangu anazuiliwa na idara ya uhamiaji huko Texas. Wakala mmoja hapa River Road anatuitisha pesa aishtaki Marekani kwenye mahakama ya haki za binadamu ya bara hilo. Anasema ikiamua, lazima aachiliwe. Tumlipe? – Msomaji, Kayole

Jibu: Msimlipe hata shilingi. Malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika, iliyoko Washington, hayana ada.

Kinachoniudhi ni hilo neno "lazima", ambalo mawakala wameligeuza biashara. Mahakama ipo, San José, Costa Rica, lakini haina mamlaka juu ya Marekani, ambayo ilitia saini mkataba wa haki za binadamu wa nchi za Amerika mwaka 1977 na mpaka leo haijauridhia. Imebaki Tume, nayo hutoa mapendekezo tu. Mwaka 2002 iliitaka Marekani iwafikishe wafungwa wa Guantánamo, gereza lake la kijeshi huko Cuba, mbele ya mahakama yenye uwezo wa kuamua hadhi yao. Marekani ilijibu kwamba Tume haina mamlaka.

Sisemi Tume haina kazi. Jessica Lenahan wa Colorado aliwasihi polisi tena na tena, usiku mmoja wa 1999, wamtafute mumewe waliyetengana, aliyewachukua mabinti zao watatu kinyume cha amri ya mahakama. Hawakujishughulisha. Watoto walikutwa wamekufa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia mwaka 2005, akaenda kwa Tume, na mwaka 2011 ikatamka kwamba nchi yake ilikiuka haki zake. Wanaharakati waliishika ripoti hiyo kushinikiza polisi wabadilike. Nguvu yake ndiyo hiyo: aibu, ushahidi, shinikizo. Haifungui mlango wa seli wiki ijayo.

Pesa hizo mpeni wakili wa uhamiaji kulekule Texas, na mumuulize leo mwisho wa kukata rufaa ni lini. Mkiikosa rufaa, hata Tume itawauliza kwa nini hamkumaliza njia za kisheria za ndani ya Marekani.

Na hapa nyumbani watu wanauziwa vivyo hivyo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Afrika, iliyoko Arusha. Kenya haijatoa tamko la kumruhusu mwananchi aende moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, waliishinda Kenya huko mwaka 2017 kwa sababu Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika, yenye makao Banjul, Gambia, ndiyo iliyoipeleka kesi yao. Anayekuahidi kuishtaki Kenya kwenye mahakama hiyo kwa jina lako anakula pesa yako.