Kwa nini kwotabeki wa chuo anabadilika ndani ya msimu mmoja (jibu refu, mnivumilie)

Wakuu, nimeupitia uzi tangu mwanzo. Mtoa mada anasema kila Jumamosi anasikia watangazaji wa futiboli ya Marekani wakisema ufanisi wa kwotabeki fulani wa chuo, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, umepanda, na kijana huyohuyo mwaka jana alikuwa anazomewa na mashabiki wa timu yake. Anauliza: mtu anajifunza nini ndani ya miezi michache ambacho hakukijua tangu utotoni? Mchangiaji mmoja akamjibu kuwa ni wapokeaji wazuri tu, wale wanaokimbia kudaka pasi, hata bibi yake angerusha. Mkuu, nusu ya hilo ni kweli, nitaifikia.

Mimi nilisoma chuo kidogo huko Ohio. Pesa ilikuwa inanibana, nikapata kibarua cha wanafunzi cha kurekodi video za mazoezi na mechi za timu ya chuo. Sijawahi kuvaa helmeti maishani, kwa hiyo msinipime kwa misuli. Kazi yenyewe ni kamera moja juu pembeni mwa uwanja na nyingine nyuma ya goli. Unapanda jukwaa la chuma, upepo wa Novemba unakukata masikio, unarekodi kila shambulizi tangu mpira unapoanzishwa hadi filimbi, halafu usiku unakatakata vipande na kuvipanga makocha wavikute asubuhi. Ukifanya hivyo msimu baada ya msimu, utajua miguu ya kwotabeki kuliko unavyoijua ya kwako.

Kwa asiyeufahamu mchezo: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifanikiwa inapewa mengine manne. Karibu kila jaribio mpira unaanzia mikononi mwa kwotabeki, na akitaka kurusha ana sekunde mbili na ushee, tatu akibahatika, kuamua ampe nani kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia.

Sasa huo "ufanisi" si maneno ya kusifiana, ni hesabu. Vyuo vina fomula yao: yadi zote za pasi unazizidisha kwa 8.4, kila tachidauni ya pasi (mpira kufika ukanda wa mwisho wa wapinzani) inaleta 330, kila pasi iliyofika 100, unatoa 200 kwa kila pasi iliyonaswa na wapinzani, kisha jumla unaigawa kwa idadi ya pasi zote alizorusha. Mchukueni Joe Burrow wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, maana sijaona mfano mzuri kuliko huo. Msimu wa 2018 alifikisha pasi 219 kati ya 379, yadi 2,894, tachidauni 16, akanaswa mara 5. Piga hesabu, unapata 133.2, kwotabeki wa kawaida kabisa. Msimu wa 2019, chuo kilekile, ligi ileile ngumu ya SEC: pasi 402 kati ya 527, yadi 5,671, tachidauni 60, akanaswa mara 6. Hiyo inatoa 202. Asilimia ya pasi zilizofika ilitoka 57.8 hadi 76.3. Tachidauni 60 zilikuwa rekodi ya daraja la juu la vyuo. Colt Brennan wa Hawaii alikuwa ameishikilia kwa 58 tangu 2006.

Mkono haubadiliki hivyo kati ya Januari na Septemba. Tafuteni kwingine.

Kamera ya nyuma ya goli ndiyo iliyonionyesha pa kutafuta. Ya pembeni inakuonyesha nani kakimbilia wapi. Ya nyuma inakuonyesha kile kwotabeki anachokiona, na miguu yake. Kwetu alikuwepo kijana mmoja aliyekuja na mkono wa ajabu, mpira ukimtoka unausikia. Msimu wake wa kwanza pasi nyingi zilikuwa nzuri na zimechelewa. Simamisha picha pale mpokeaji anapogeuka: mpira bado uko kifuani kwa kijana, miguu inakanyagakanyaga palepale, macho yameganda kwa mtu mmoja. Beki wa mwisho wala hana habari na mpokeaji. Anamtazama kwotabeki usoni, kisha anaanza kusogea taratibu kuelekea pale mpira utakapokwenda. Kocha wa makwotabeki alikuwa anairudisha sekunde hiyohiyo, mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila kusema neno, mpaka kijana mwenyewe aseme kuwa yule mpokeaji wa ndani alikuwa wazi.

Kiangazi kile wachezaji walikuwa wanakutana wenyewe jioni, makocha hawapo, wanarudia njia zilezile na wapokeaji walewale hadi giza. Agosti tulipoanza kurekodi tena, kasi ya mpira ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mguu wa nyuma. Hatua ya mwisho ikitua, mpira umeshaondoka. Mpokeaji wa kwanza akizibwa, mabega na miguu vinageuka pamoja kwa wa pili, kisha wa tatu, na wote wakizibwa anamdondoshea mkimbiaji aliye karibu pasi ya yadi nne. Jukwaani watu wanaguna wakiona pasi ya yadi nne. Makocha wanaipenda kuliko wanavyoonyesha, kwa sababu jaribio la pili ukiwa umebakiza yadi 6 unaweza kukimbia, unaweza kurusha, na mabeki hawajui walinde nini. Ukibakiza 10, wanajua.

Mcheza bao mzuri anajua kete yake ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajaanza kusambaza. Kwotabeki aliyepevuka ni hivyo: mpira haujaanzishwa, yeye ameshahesabu mabeki, ameona wa mwisho wako wangapi, na ameshawapunguza wapokeaji watano wakabaki wawili. Zile sekunde mbili na ushee si za kufikiri tena, ni za kuthibitisha.

Turudi kwa Burrow, maana historia yake inajibu mengi. Amekulia Athens, Ohio. Baba yake, Jimmy, alikuwa kocha wa ulinzi katika chuo cha Ohio University palepale mjini, kwa hiyo mtoto alikulia nyumba ambayo kazi ya baba ni kuwaharibia makwotabeki mipango. Akaenda chuo cha Ohio State, akakaa benchi nyuma ya kwotabeki J.T. Barrett. Agosti 2017 akavunjika mfupa wa mkono anaorushia, kwotabeki mwenzake Dwayne Haskins akapita mbele yake. Miaka yote aliyokaa pale alirusha pasi 39 tu kwenye mechi. Akamaliza shahada na 2018 akahamia LSU, Baton Rouge, timu iliyojulikana kwa ulinzi na kukimbia na mpira, pasi ni nyongeza tu.

Msimu ule wa 2018 watu wanausema vibaya kuliko ulivyokuwa. Waliishia Fiesta Bowl, mechi ya kufunga msimu, dhidi ya chuo cha UCF, Januari 1, 2019. Robo ya kwanza Burrow ananaswa pasi, mpira unarudishwa zaidi ya yadi 90 hadi tachidauni, na yeye wakati anafukuza anapigwa kikumbo cha kumlaza chini. Alinyanyuka, akamaliza mechi na yadi 394 na tachidauni nne, LSU wakashinda 40 kwa 32. Ukinilazimisha nitaje siku aliyoanza kuwa yule wa 2019, nitataja hiyo, kabla ya kocha mpya yeyote kufika.

Kisha akaja Joe Brady. Kocha kijana, alikuwa msaidizi New Orleans Saints, timu ambayo msimu wa 2018 kwotabeki wake Drew Brees alikuwa ameweka rekodi ya NFL, ligi ya kulipwa, kwa kufikisha asilimia 74.4 ya pasi zake. Brady akishirikiana na Steve Ensminger, mratibu wa mashambulizi, wakafumua mfumo mzima. Zamani LSU walikuwa wanabakiza watu nyuma kumlinda kwotabeki. Sasa mara nyingi watano wote wanaoruhusiwa kupokea wanatoka, uwanja unatanuliwa, na Burrow anabaki na ukuta wa watu watano tu. Wengi wanadhani hapo anawekwa hatarini. Ni kweli, lakini mabeki nao wakitanuka hawana pa kujificha: kila mmoja anasimama mbele ya mtu wake na kwotabeki anawasoma wazi. Kwa mtoto wa kocha wa ulinzi hiyo ni zawadi.

Kuna jaribio moja ninalomwonyesha kila anayeniuliza. Septemba 7, 2019, Austin, dhidi ya Texas. LSU wanaongoza 37 kwa 31, zimebaki dakika mbili na nusu hivi, jaribio la tatu, wamebakiza yadi 17. Makocha wengi hapo wangekimbia na mpira ili saa iliwe, kisha wapige teke kuupeleka mpira mbali kwa wapinzani. LSU wakarusha. Texas wanatuma watu wengi wamvamie, ukuta unavunjika upande mmoja, Burrow anapiga hatua mbele, anateleza kushoto, macho hayajashuka hata kidogo kuwatazama wanaomjia, na anampata Justin Jefferson katikati. Yadi 61, tachidauni. Mechi ikaisha 45 kwa 38. Msitazame mpira kwenye klipu hiyo, tazameni kichwa chake. Kwotabeki asiyepevuka akisikia vishindo vya watu anainamisha macho, na akiinamisha ameshawapoteza wapokeaji wote.

Sasa kwa mkuu wa "ni wapokeaji tu". Ndiyo, Ja'Marr Chase mwaka ule alipata yadi 1,780 na tachidauni 20, Jefferson 1,540 na 18, mkimbiaji Clyde Edwards-Helaire alidaka pasi 55, na ukuta wao ulibeba tuzo ya Joe Moore, ya ukuta bora wa vyuo vyote. Hakuna kwotabeki anayefika 202 peke yake. Lakini Jefferson na Chase walikuwepo 2018 pia! Jefferson alipata yadi 875 tu msimu ule. Na wao walikua, mfumo ukawafungulia uwanja, na mtu wa kuwafikishia mpira kwa wakati akawepo. Ukiondoa kimoja sidhani kama unapata hata 170.

Kosa jingine ninaloliona humu ni la kudhani kuwa kutonaswa pasi ndiyo ufanisi. Kwotabeki Jalen Hurts akiwa chuo cha Alabama 2017 alinaswa mara moja tu msimu mzima, na bado kocha Nick Saban alimtoa mapumziko ya fainali ya taifa ya Januari 8, 2018, Alabama wakiwa nyuma 13 kwa 0 dhidi ya Georgia. Akaingia mtoto wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa, wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Hurts alikuwa hanaswi kwa sababu hathubutu. Akiona shaka anakimbia na mpira. Pasi ya hatari hairushwi, na pasi ya maana nayo hairushwi, na asilimia yake ilikuwa 60.4.

Ninachompendea ni kwamba alibaki. Mwaka 2018 akiwa akiba alifikisha asilimia 72.9 ya pasi chache alizopewa. Desemba 1, fainali ya SEC, tena dhidi ya Georgia, Tua anaumia, Hurts anaingia, anafikisha 7 kati ya 9, anasawazisha kwa pasi, anamalizia kwa kukimbia mwenyewe, 35 kwa 28. Mwaka uliofuata akahamia chuo cha Oklahoma kwa kocha Lincoln Riley: asilimia 69.7, yadi 3,851, tachidauni 32. Kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2019, wa kwanza Burrow, wa pili Hurts. Wakakutana Peach Bowl, nusu fainali ya taifa, Desemba 28, na Burrow akarusha tachidauni saba kipindi cha kwanza peke yake. 63 kwa 28. Ile haikuwa mechi, tuiache.

Nje ya mada kidogo: namba nazo zina ujanja wake. Fainali ya taifa ya Januari 13, 2020, New Orleans, dhidi ya chuo cha Clemson, Burrow alifikisha 31 kati ya 49, kama asilimia 63, chini sana ya wastani wake. Ulinzi wa Clemson ulikuwa unajibadilisha sura kila mara kabla ya mpira kuanzishwa, na mwanzoni ulimchanganya kwelikweli, Clemson wakafika 17 kwa 7. Akausoma palepale mechi ikiendelea, akamaliza na yadi 463 na tachidauni tano za pasi, wakashinda 42 kwa 25. Dhidi ya Alabama miezi miwili nyuma alikuwa na 31 kati ya 39. Kwangu mimi usiku wa Clemson ndio mkubwa zaidi, ingawa asilimia inakataa.

Kwa hiyo mtoa mada, Jumamosi ukimtazama huyo kijana wako, mechi za mchana kule zinaanza saa moja jioni huku nyumbani kwa hiyo huna kisingizio cha usingizi, acha kufuata mpira kwa robo moja nzima. Tazama mguu wa nyuma ukitua: mpira unatoka, au anaongeza vihatua? Tazama jaribio la tatu anapovamiwa, macho yako juu au chini? Hesabu pasi fupi kwa mkimbiaji baada ya kuwaangalia wengine kwanza. Runinga inakata picha karibu mno, wapokeaji hawaonekani, lakini marudio ya kamera ya nyuma huwa wanayaonyesha baada ya tachidauni, usiende kuchukua maji wakati huo.

Na aliyeniandikia faragha kuhusu mpwa wake anayecheza kwotabeki sekondari huko Minnesota na anataka kumlipia mwalimu wa kuongeza nguvu za mkono: kabla hujatoa hela, mwambie akuchoree kwenye karatasi njia za wapokeaji wote wa shambulizi moja la timu yake, na akueleze anamtazama nani wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kwa nini. Akikwama kwa wa pili, hela hiyo mtafutie mtu wa kukaa naye kwenye video.