Juu kila kanda, chini kwa jumla: kura ya haki za kiraia ya 1964

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa ajili ya tasnifu yangu nimechambua kura ya Baraza la Wawakilishi la Marekani juu ya Sheria ya Haki za Kiraia, ile ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, Februari 1964. Republican waliounga mkono ni asilimia 80, Democrat 61. Nilipotenganisha Kusini na kwingineko, Democrat wakawa juu pande zote mbili. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea popote. Ulichokutana nacho wanatakwimu hukiita kitendawili cha Simpson: mwelekeo unaoonekana ndani ya kila kundi hugeuka makundi yakijumlishwa. Kura hii ni mfano wake mzuri mno.

Weka asilimia kando, hesabu vichwa. Katika majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, Democrat 7 walisema ndiyo na 87 hapana. Republican wa huko walikuwa 10 tu, wote wakakataa. Kwingineko Democrat walikuwa 145 kwa 9, Republican 138 kwa 24. Hapo ndipo zinapotoka asilimia zako: Kusini 7 dhidi ya sifuri, kwingineko 94 dhidi ya 85.

Sasa tazama uzito. Kati ya Democrat 248 waliopiga kura, 94 walikuwa watu wa Kusini; kati ya Republican 172, ni wale 10. Kundi hilo kubwa la wakataaji ndilo linaloshusha wastani wa Democrat. Halikuangukia chama hicho kwa bahati: Wazungu wa Kusini walikikataa Republican, chama cha Lincoln, rais aliyeishinda Kusini, tangu vita vile, na Weusi ambao wangekichagua walinyimwa kura kwa kodi na mitihani ya kusoma.

Kwa hiyo ingiza kanda kwenye modeli yako kabla ya chama. Ila usijenge hoja juu ya ile 7 dhidi ya sifuri. Watu 10 ni wachache mno. Tofauti yenye nguvu ni ya kanda. Naudhika kweli ninapoona 80 na 61 zikitajwa peke yake, maana zinaficha waliokuwa wanaibana sheria hiyo.

Ukifika Seneti utakuta sura ileile: nje ya Kusini Democrat 45 waliunga mkono, mmoja akapinga, Kusini aliyekubali ni Ralph Yarborough wa Texas peke yake. Katika wale 45 yumo Clair Engle wa California. Tarehe 10 Juni, kura ya kufunga mjadala ilipopigwa, aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu, uvimbe wa ubongo ukiwa umeshamnyima sauti. Jina lake lilipoitwa, alionyesha jicho lake kwa kidole. Kwa Kiingereza, neno la jicho na neno la kukubali bungeni hutamkwa sawasawa. Karani akaandika ndiyo.